Maiti isiyotambuliwa na mtu aliyepotea: anza na tarehe, usianze na sura

Mtu akipotea Ukerewe na mwili ukaokotwa Magu, taarifa hizo mbili zinaweza kulala miaka katika vituo viwili vya polisi bila kukutana. Anayejitolea anaweza kuzikutanisha. Kuthibitisha ni kazi ya daktari na maabara.

Daftari liwe na pande mbili. Upande wa waliopotea andika jina, namba ya RB (taarifa iliyoandikishwa polisi) na kituo, siku na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, meno, makovu, operesheni, na ndugu wa damu walio hai. Urefu usiuamini kwa kutajiwa tu. Uliza ni ndugu gani walikuwa wanalingana kimo, umpime huyo. Upande wa pili andika tarehe mwili ulipookotwa, mwalo, jinsia, mochwari iliyoupokea na mahali ulipozikwa. Mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, mara nyingi wanakumbuka. Majina yaandike kwa kila namna yanavyotamkwa, maana l na r hubadilishana, na Magreth wa kwenye tangazo anaweza kuwa Margareta kituoni.

Sasa tarehe. Aliyeonekana hai tarehe 12 hawezi kuwa mwili uliookotwa tarehe 10, mfute, endelea. Maji ya ziwa letu, Viktoria, ni ya vuguvugu, hivyo mwili uliozama mara nyingi huibuka baada ya siku 2 hadi 4. Ukinasa kwenye nyavu au magugumaji hukawia, na upepo huusukuma mbali. Umbali peke yake usikufanye umfute mtu.

Wengi hukosea kwenye sura. Mwili uliokaa majini huvimba, hubadilika rangi na ngozi ya juu huvuka, hata mama mzazi akamkataa mwanawe au akamkubali wa mwenzake. Umri nao hukadiriwa vibaya. Kentucky, Marekani, mwili wa msichana uliopatikana 1968 ulikadiriwa kuwa wa miaka 16 hadi 19. Ulipotambuliwa 1998, baada ya mtu wa kujitolea kukuta tangazo lililowekwa na dada wa marehemu kwenye intaneti, ikajulikana alikuwa na miaka 24. Ongeza miaka kadhaa juu na chini ya makadirio yoyote. Nguo pia hazitoshi: fulana ya mtumba wanazo wengi.

Shikilia vinavyodumu: pengo, jino lililozibwa, mfupa ulioungwa zamani. Chuma alichowekewa baada ya ajali ya bodaboda huwa na namba za kiwandani, kwa hiyo iombe familia karatasi za hospitali. Meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi ni ya kawaida kwetu Usukumani. Yaandike, lakini yasikupe uhakika. Aliyepotea akiitwa Kulwa au Doto, uliza kama pacha wake yuko hai. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile.

Orodha nazo zina mashimo. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Jina kukosekana hakuthibitishi kwamba mtu hakupanda.

Ukipata mlingano, usiipigie familia. Tafadhali. Matanga ya mtu asiye wao, kisha kuambiwa siyo, ni jeraha la pili, na matapeli hutumia namba hizohizo za simu za familia kuomba pesa. Picha za mochwari usizisambaze kabisa. Peleka ukurasa mmoja kwa mpelelezi wa kituo chenye RB: namba ya RB na ya jalada la mwili, yanayolingana, na yasiyolingana bila kuficha. Yeye ndiye mwenye njia ya kufikia alama za vidole na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli bora ya vinasaba ni ya mzazi au mtoto. Ndugu wa tumbo moja anafuata.

Kama mwili umeshazikwa, uliza mapema kaburi lipi. Vinasaba hupatikana kwenye mfupa na jino hata baada ya miaka, na kufukua huhitaji kibali cha kisheria, lakini kibali hakisaidii kitu pale makaburi matano yasiyo na alama yamepangana. Omba serikali ya mtaa iweke kibao chenye tarehe na namba ya jalada siku ileile ya mazishi.