Ramani ya hatari huanza na wakazi
Je, mpango wa jamii wa kukabili mafuriko usubiri wataalamu walete ramani ya sehemu zenye hatari? Hapana, hausubiri. Wakazi huchora wenyewe kwanza, hata chini kwa kijiti: maji yalifika wapi mara ya mwisho, njia ipi hukatika mapema, nani hawezi kukimbia bila msaada. Wanawake na wazee ni vizuri waulizwe kando, maana mkutanoni husema walewale kila siku. Hata Mfumo wa Sendai wa 2015–2030, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa, unataka wananchi washiriki, si waarifiwe tu. Ila vipimo vya mvua na mito bado vinahitajika, kwa sababu mafuriko yajayo yanaweza kupita yote wanayoyakumbuka.