Benki za maendeleo zimfuate kijana hadi nje ya lango la chuo

Ndugu uliyeuliza benki za maendeleo zinaweza kuwafanyia nini vijana wa Uganda zaidi ya kujenga madarasa, nakujibu kama mwalimu wa uchomeleaji vyuma hapa Arua. Naona zigharimie kipindi kinachofuata baada ya mafunzo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Majengo siyadharau. Benki ya Maendeleo ya Afrika imevisaidia vyuo vikuu vya umma kupata maabara na kumbi za mihadhara, na Benki ya Dunia imegharimia uboreshaji wa vyuo vya ufundi vya Elgon, Lira na Bushenyi. Lakini kijana aliyejifunzia kwenye karakana yenye mashine mpya hurudi nyumbani mikono mitupu. Mashine ya kuchomelea, grinda, vyuma vya kuanzia, kodi ya kibanda na umeme vinadai fedha ambazo mzazi mkulima hana, na benki ya biashara humdai hati ya ardhi, ilhali huku kwetu ardhi nyingi ni ya ukoo na haina hati yoyote. Wanafunzi wangu waliodumu katika kazi ni wale waliopata vifaa, hata vya kuazima, na mara nyingi si wao waliokuwa wakiongoza darasani.

Kuna ushahidi kutoka kaskazini mwa nchi. Mwaka 2008, chini ya NUSAF, mpango wa serikali wa kuinua jamii za kaskazini mwa Uganda uliotegemea fedha za Benki ya Dunia, vikundi vya vijana vilipewa ruzuku ya wastani wa dola 382 kwa kila mwanachama ili wajilipie mafunzo na kununua vifaa. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia, wakakuta kwamba baada ya miaka 4 mapato yao yaliyazidi ya wenzao wasiopewa kwa asilimia 38. Ilipofika miaka 9, wenzao walikuwa wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopewa ruzuku bado walikuwa na mali nyingi zaidi. Wapo wanaosema basi fedha zile zilipotea bure. Mimi sikubaliani nao, kwani kijana aliyepunguziwa miaka kadhaa ya kuhangaika amekwisha kulipa karo ya wadogo zake katika miaka hiyohiyo.

Jambo jingine, ambalo halihitaji mfuko mpya, ni zabuni. Shule na zahanati zinazojengwa kwa mikopo ya benki hizo zinahitaji mageti, madirisha na vyuma vya paa, na mkataba ungeweza kumlazimu mkandarasi awape vijana wa eneo hilo sehemu ya kazi na kuwalipa kwa wakati.

Kuhusu kuwashirikisha vijana katika miradi hiyo, semina za hotelini sizitegemei sana. Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal inatosha kutufunza: Benki ya Dunia iliufuta ufadhili wake Desemba 2015, baada ya wananchi kulalamika kwamba wafanyakazi wa mradi waliwadhulumu kingono wasichana wadogo, na kufikia hapo madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka. Kwa hiyo kamati ya kila mradi iwe na vijana wa kike na wa kiume tangu siku ya kupima eneo, nao wajue kwa lugha wanayoielewa ni nani wa kumpelekea malalamiko nje ya kampuni ya mkandarasi.