Maswali na majibu: Dagaa ndani ya ontolojia

*Mwalimu, tunatengeneza mfumo wa maarifa kuhusu samaki wanaoshushwa Kibirizi. Ontolojia tuianzie wapi? (Mwanga, Kigoma)*

Ontolojia ni mpangilio wa dhana na mahusiano yake ambao kompyuta inaweza kuusoma. Andikeni kwanza maswali ambayo mfumo utatakiwa kuyajibu: "Mzigo huu ulivuliwa wapi?" "Samaki gani huanikwa juani?" Watafiti Grüninger na Fox wa Toronto walieleza njia hii mwaka 1995, na sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Dhana isiyosaidia swali hata moja, iondoeni. Zilizobaki mzipange, muweke sifa na mahusiano, mjaribu kwa mzigo halisi, kisha mrudi kurekebisha. Mtarudi mara nyingi.

*Dagaa ni dhana moja au zaidi? (Ujiji)*

Nafurahi umeuliza. Kwenye beseni letu huwamo samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wote wa upande wa heringi. Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, aliye karibu zaidi na ningu kuliko na hawa wetu. Tena hawa wetu wakifika Burundi ni ndagala, Zambia ni kapenta. Kwa hiyo kila aina ipewe dhana yake, na majina yote yabandikwe juu yake kama lebo. Halafu muongeze dhana ya bidhaa, "dagaa wa Tanganyika", kwa sababu sokoni hakuna anayewachambua. Mkijenga juu ya neno peke yake, anayeuliza habari za Mwanza atapewa za Kigoma, naye ataziamini. Hilo ndilo linaloniogopesha.

*Tumeweka Mnunuzi juu, chini yake Mtu na Kampuni. Ni sawa? (Kigoma mjini)*

Si sawa. Mmesema kila mtu ni mnunuzi, kwa hiyo asiyenunua si mtu! Utu haumtoki mtu, lakini ununuzi ni nafasi anayoingia na kutoka. Watafiti Guarino na Welty walitengeneza njia ya OntoClean kwa ajili ya kunasa makosa ya namna hii. Mnunuzi abaki kuwa nafasi, naye mtu au kampuni ndiye anayeishika.

*Programu gani tutumie?*

Protégé ya Stanford. Ni ya bure, na inaandika OWL, lugha ya kuandikia ontolojia.

*Mbona mfumo haukatai tukiandika samaki mmoja kuwa mgebuka na pia dagaa? (Ujiji)*

Kwa sababu hamjaukataza. Katika OWL, jambo lisilosemwa halihesabiwi kuwa si kweli, halijulikani tu. Tamkeni wazi kwamba hakuna samaki anayeweza kuwa katika makundi yote mawili, kisha muendeshe tena ukaguzi wa mantiki. Utamkamata samaki huyo papo hapo.