Talaka na Ubatilishaji wa Ndoa Tanzania Bara: Maswali na Majibu

Mume wangu, tuliyefunga naye ndoa ya Kiislamu, amenipa talaka ya maandishi mbele ya mashahidi. Je, tumeachana kisheria?

Bado. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, na kabla ya kufika huko, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, shauri hupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Wengi hukosea hapa kwa kupindua utaratibu: talaka ya Kiislamu iliyotolewa baada ya hati ya Baraza huilazimu mahakama kukubali kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, lakini iliyotangulia hati hiyo haina nguvu hiyo. Nenda Baraza kwanza, na ukishapata hati usiiweke kabatini, kwani inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri.

Tumeoana mwaka jana tu. Naweza kuomba talaka?

Kabla ya miaka 2 kutimia utahitaji kwanza kibali cha mahakama, na utapaswa kuonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Niligundua baada ya harusi kwamba mke wangu alikuwa na mimba ya mtu mwingine. Je, niombe talaka?

Ndugu, unaweza kuomba ndoa ibatilishwe, mradi hukujua jambo hilo siku ya kufunga ndoa na ombi lako linafunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu siku hiyo. Ndoa ya namna hii ni batilifu, yaani inaendelea kuwa halali hadi mahakama itakapoitengua, tofauti na ndoa batili, kama ile ya ndugu wa damu waliokatazwa kuoana, ambayo haikuwa ndoa tangu mwanzo.

Sikuwahi kuajiriwa. Nitapata chochote katika mali?

Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe aliambulia patupu, kwa kuwa alikwisha kutumia vibaya fedha alizopewa na mumewe.) Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa huelekeza mahakama iegemee mgawanyo sawa baada ya kupima mchango wa kila mmoja, kwa hiyo uwe tayari kuueleza wako kwa ushahidi.