Barua kwa mwanangu: kuachia nako ni kazi

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykum salaam. Sisi huku Tanga wazima, mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama ukapimwe moyo, kwa kuwa daktari alipokuuliza habari za ukoo ulimtajia ami yako Salim. Nitakujibu, lakini kwanza nikwambie habari za kifo chake, maana nyumbani kwetu hazijawahi kuelezwa sawasawa.

Alianguka uwanjani, mechi inakaribia kwisha, hakuinuka tena. Muda mrefu kabla ya hapo alikuwa akilalamikia pumzi, na mwalimu wake wa mpira akamwambia ni uvivu. Neno hilo linanichoma hadi leo. Tulipomwosha, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakakamaa, mzee mmoja akasema marehemu kaondoka na kinyongo. Nikaanza kumweleza sababu, nikaambiwa ninyamaze, pale si darasani.

Basi acha nilimalize somo lile kwako. Ndani ya msuli mna nyuzi za protini za aina mbili, za mayosini na za aktini. Mwaka 1954 Hugh Huxley na Jean Hanson walieleza kwamba msuli unapojikunja nyuzi hizo hazifupiki, zinateleza zikipitana. Mayosini ina vichwa: kila kichwa hushika aktini, huivuta, kisha sharti kiachie kikashike mbele, kama wavuta juya wanavyohamisha mikono kwenye kamba. Na kinachokiachisha ni ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mtu akifa, ATP huisha, vichwa hubaki vimeng'ang'ania, mwili hukakamaa. Salim hakuwa na kinyongo na mtu! Umechoka kunisikia nikisema kuachia nako ni kazi, lakini nitalisema tena.

(Mayosini za aina nyingine hubeba mizigo ndani ya seli, na nyingine huibana seli katikati ikagawanyika. Hayo ningeweza kuyaandika usiku kucha.)

Moyo nao ni msuli. Mwaka 1990 watafiti walikuta kosa katika jeni ya mayosini ya moyo kwenye ukoo wenye maradhi ya misuli ya moyo kunenepa. Kwa wagonjwa wa kosa la namna hiyo, vichwa vingi mno hushika. Moyo hubana kwa nguvu, ila haulegei vizuri ukajaa damu. Kila mtoto wa mwenye kosa hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kulirithi. Dawa ya kupunguza vichwa vinavyoshika, mavacamten, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Ndiyo yaliyomuua Salim? Nasema ndiyo, kisha najirudi: maiti yake haikupasuliwa ikachunguzwa, na moyo husimama kwa sababu nyingi. Lakini pumzi ile, na umri ule, na uwanjani?

Kupimwa au kutopimwa utaamua mwenyewe, u mtu mzima, ingawa ulimi unaniwasha. Ila fuata njia ya damu: kama Salim alikuwa na kosa hilo, kukufikia wewe lingepitia kwangu, niliyezaliwa naye tumbo moja. Wa kutangulia ni mimi. Nitafanya ultrasaundi ya moyo wiki ijayo, majibu nitakutumia umwoneshe daktari wako.

Lakini zile mbio za asubuhi ulizoniandikia kuwa umezianza, zisimame kwanza. Hilo halina mjadala.

Baba yako