Kabla hujameza vidonge vya shoga yako, pima presha

Vidonge vyangu vya kwanza vya uzazi wa mpango nilipewa na shoga yangu, uani kwake, mwanangu akiwa na miezi mitatu. Yeye alikuwa anavitumia mwaka wa tatu bila shida yoyote, nikaona na mimi vitanifaa. Wiki ya pili maziwa yakapungua, mtoto akawa analia usiku kucha. Kikafuata kichwa: naona kwanza vimulimuli pembeni mwa jicho, kama mwanga unaocheza kwenye maji, halafu maumivu ya upande mmoja. Nikawa nameza panadol na kuendelea na vidonge. Mwezi na nusu mzima.

Siku niliyompeleka mtoto kliniki nesi akanifunga mashine ya presha, akapima, akanipumzisha, akapima tena. 148 kwa 96. Mimi ambaye sijawahi kuwa na presha!

Aliiweka ile pakiti mezani akanionesha kidonge kimoja kimoja. Vile 21 vyeupe vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Estrojeni ndiyo inayoweza kupunguza maziwa, kupandisha presha na, kwa wanawake wachache, kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, mapafu au ubongo. Kwa hiyo mwenye presha, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, aliyewahi kuganda damu, mvuta sigara aliyefika miaka 35, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, vidonge hivyo si vyake. Mimi nilikuwa na mambo matatu kati ya hayo na hakuna aliyeniuliza hata moja.

Presha ilishuka baada ya kuviacha. Nikahamia sindano ya miezi mitatu, ambayo haina estrojeni. Miezi ya mwanzo nilikuwa na matone ya damu yasiyo na ratiba, kisha hedhi ikakata kabisa. Hilo nilikuwa nimeelezwa, sikuogopa. Ambalo sikuelezwa ni kwamba ukiiacha, uzazi huchelewa kurudi: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huenda zaidi. Nilipotaka mtoto wa pili nilisubiri karibu mwaka, huku mama mkwe akisema nimejiharibu kizazi. Nililia sana mwaka ule. Sindano haiharibu kizazi, ila kama unataka kubeba mimba karibuni, omba njia nyingine.

Nisiwatishe lakini. Mdogo wangu, ambaye hajaolewa, alikuwa anatokwa na hedhi nzito hadi anapungukiwa damu, anashindwa kwenda kazini. Daktari alimwandikia vidonge vilevile vilivyonitesa mimi, na vimemrudishia maisha yake. Watu walisema mengi kuhusu binti kumeza vidonge vya uzazi. Wangemwona analala chini kwa maumivu wangenyamaza. Vidonge hivi hupunguza pia hatari ya saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi na ya ukuta wa mji wa mimba, ingawa ya matiti huongezeka kidogo wakati wa kuvitumia. Sasa anajua: mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata au macho yakififia ghafla, anakimbia hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda pale penye nyota ya kijani, alama ya huduma za uzazi wa mpango, usione haya. Mwambie nesi kama unanyonyesha, kama kichwa kinakusumbua, kama unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au VVU, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge na ya vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi. Omba upimwe presha hata kama foleni ni ndefu. Na kondomu ibaki palepale, kwa sababu homoni hazizuii VVU.

Mimi sasa nina kijiti, kimoja, chembamba kama njiti ya kiberiti, chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Nilichomwa ganzi, sikusikia kitu. Ni cha miaka mitatu, na kadi yenye tarehe ya kukitoa nimeiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata mume wangu anapajua.