Wakala wa ajira amepunguza kiwango baada ya kazi kuanza: cha kufanya kabla ya malipo yajayo

Umeahidiwa kiwango fulani kwa saa, umeanza kazi, slipu inakuja na kiwango cha chini, na wakala anajitetea kwamba mteja, yaani kampuni unakofanyia kazi, amepunguza bei. Unauliza kama usaini mkataba mpya, uendelee kimya au uache kazi. Kwa haraka: usisaini leo, usinyamaze, na usiache kwa hasira.

Tenganisha kwanza saa ulizokwisha kufanya na zile ambazo bado. Za nyuma ni deni. Kiwango chake kilishakubaliwa, na barua ya leo haina nguvu ya kukibadilisha kinyumenyume. Za mbele zina mjadala: wakala anaweza kupendekeza kiwango kipya nawe ukakataa, ingawa huenda ukapoteza nafasi hiyo. Bei anayolipa mteja ni mkataba wake na wakala, wewe humo hukuwemo. Mteja akimbana, hasara hiyo haishuki moja kwa moja hadi kwenye mshahara wako.

Kabla ya kudai, hakikisha ni kiwango kilichoshuka na si kitu kingine. Mara nyingi walioahidiwa kiasi kabla ya makato hukilinganisha na kilichoingia benki, na hapo madai hufa siku ya kwanza. Wakati mwingine kiwango ni kilekile ila saa za kusubiri zimefutwa, au posho uliyoambiwa ni nyongeza imemezwa ndani ya mshahara, au yametokea makato ya sare na vifaa usiyoyakubali. Kila kimoja kina dai lake.

Ushahidi wenye nguvu ni mkataba au barua ya ofa, kisha ujumbe wa maandishi. Tangazo la kazi ni dhaifu, hasa likisema "hadi" kiasi fulani. Kama ahadi ilitolewa kwa mdomo, mwandikie aliyeitoa: "Nathibitisha tulivyozungumza tarehe fulani kwamba kiwango ni kadhaa kwa saa." Akijibu "sawa", umepata karatasi. Asipojibu, ujumbe wenyewe bado una tarehe. Saa zako ziandike mwenyewe kila siku: kuingia, kutoka, mapumziko, na aliyekuidhinishia. Nakala zisikae kwenye akaunti ya kazi tu, maana hiyo inaweza kufungwa saa yoyote.

Kisha piga hesabu. Tuseme uliahidiwa 100 kwa saa, ukalipwa 85, kwa saa 176 za kawaida: pungufu ni 15 × 176, yaani 2,640. Kama ulifanya pia saa 10 za ziada kwa kiwango cha moja na nusu, ulistahili 150 kwa saa ukapewa 127.5, hivyo ongeza 225. Jumla ni 2,865. Hiyo 225 ndiyo watu husahau: kiwango cha msingi kikishuka, ovataimu hushuka nacho.

Barua iwe fupi: kiwango kilichokubaliwa na ushahidi wake, ulicholipwa, tofauti, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, siku 7 kwa mfano. Maliza na sentensi hii: "Naendelea na kazi bila kukubali kiwango kipya." Ina uzito kuliko barua yote, kwa sababu katika nchi nyingi kuendelea kufanya kazi miezi kadhaa bila pingamizi huweza kuhesabiwa kuwa umeridhia. Ukilazimishwa kusaini kupokea pesa, andika kando ya sahihi: "Nimepokea sehemu, salio nadai." Karatasi inayosema umelipwa chote na huna dai tena, usiiguse.

Asipolipa, nenda kwa ofisa kazi au chama cha wafanyakazi. Uliza swali moja kabla ya mengine: muda wa kufungua dai ni siku ngapi, na unahesabiwa kuanzia lini? Mazungumzo na wakala kwa kawaida hayausimamishi muda huo, na kuna mawakala wanaokuahidi "wiki ijayo" wakilijua hilo vizuri.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa 1949 unataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara kabla ya kuanza na pale yanapobadilika. Namba 181 wa 1997, unaohusu mawakala binafsi, unakataza kwa jumla kumtoza mfanyakazi ada, na unataka majukumu ya wakala na kampuni unakofanyia kazi yagawanywe wazi. Mikataba hii hufanya kazi kupitia sheria za nchi iliyoiridhia, kwa hiyo muulize ofisa kama kampuni hiyo nayo inaweza kudaiwa. Ikiwezekana, itaje kwenye dai tangu mwanzo, kwa sababu wakala asiye na mali anaweza kufunga ofisi kabla ya hukumu.